Masasi na Newala katika Bunge lisilo na Seneti

MPIGAKURA wa Newala, mji ulio ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, au wa Masasi, ulio chini yake katikati ya vilima vya mawe, hachagui seneta. Tanzania ina Bunge la chumba kimoja. Muswada ukishapitishwa Dodoma, hakuna baraza jingine la kuupitia kabla ya kufikishwa kwa Rais.

Ibara ya 62 ya Katiba ya mwaka 1977 hueleza kwamba Bunge lina sehemu mbili, na wapo wanaodhani kuwa hayo ndiyo mabaraza mawili. Sivyo. Sehemu hizo ni Rais na wabunge. Wala Baraza la Wawakilishi la Zanzibar si baraza la juu. Hilo hutunga sheria za Zanzibar kwa mambo yasiyo ya Muungano, na huchagua wajumbe wake watano kuingia katika Bunge la Muungano.

Njia ya kawaida ya kuingia Dodoma ni jimbo. Katika chaguzi za mwaka 2015 na 2020, Masasi na Newala zilikuwa na majimbo matano: Masasi Mjini, Ndanda, Lulindi, Newala Mjini na Newala Vijijini. Mgombea sharti awe raia mwenye umri usiopungua miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na apendekezwe na chama cha siasa. Vipindi havina ukomo. George Mkuchika alishinda Newala mara nne mfululizo kuanzia mwaka 2005.

Sharti la chama ndilo zito kuliko yote. Ibara ya 71 humwondolea ubunge anayekiacha chama kilichompeleka, hata kama wananchi wa jimbo lake wangali wanamtaka. Ndanda iliyaona hayo kwa karibu. Cecil Mwambe, aliyechaguliwa mwaka 2015 kwa tiketi ya Chadema, alitangaza Februari 2020 kuhamia CCM. Mei mwaka huo Spika Job Ndugai alisema kuwa Mwambe bado ni mbunge na akamtaka arejee bungeni, jambo ambalo Chadema ililipinga. Baadaye mwaka huo huo Mwambe alishinda tena Ndanda, safari hii kwa CCM.

Wapo pia wabunge wasio na jimbo. Viti maalumu vya wanawake hugawanywa kwa vyama vilivyopata angalau asilimia tano ya kura za ubunge. Mwaka 2015 vilikuwa 113. Rais naye huteua wabunge wasiozidi 10.

Nchini Kenya mambo ni tofauti. Seneti ya kwanza ya nchi hiyo ilidumu kuanzia mwaka 1963 hadi 1966, na Katiba ya mwaka 2010 ikairejesha ikiwa na wajumbe 67 pamoja na Spika wao. Kati yao, 47 huchaguliwa moja kwa moja, mmoja kwa kila kaunti. Wanawake 16 huteuliwa na vyama kwa kadiri ya viti vilivyoshinda, na nafasi nne zilizobaki ni za vijana wawili na watu wawili wenye ulemavu, mwanamke na mwanamume kwa kila kundi. Kipindi chao ni miaka mitano.

Uzito wa baraza hilo uko katika usawa wa kaunti. Lamu, yenye watu 143,920 kwa sensa ya mwaka 2019, ina majimbo mawili tu ya ubunge wakati Nairobi ina 17. Hata hivyo, katika Seneti, jambo linalohusu kaunti likipigiwa kura, kila moja huwa na kura moja. Ndiyo maana mwaka 2020 maseneta waliweza kukwamisha fomula ya kugawa mapato hadi Septemba, kaunti zilizohofia kupunguziwa fedha ziliposikilizwa.

Wakulima wa korosho wa Masasi na Newala hawakuwa na ngazi ya namna hiyo. Juni 2018 Serikali ilipeleka bungeni pendekezo la kuingiza Mfuko Mkuu wa Hazina asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje, fedha ambazo kisheria zilikuwa zikirudi kuendeleza zao hilo. Wabunge wa Kusini walipinga kwa nguvu, wakiwamo wa CCM. Mkoa wa Mtwara, hata hivyo, ulikuwa na majimbo 10 kati ya 264 ya nchi nzima. Pendekezo likapita.

Tanzania iliwahi kukaribia usawa wa mikoa, ingawa si kwa kuunda Seneti. Rasimu ya Katiba ya Juni 2013, iliyotolewa na Tume ya Jaji Joseph Warioba, ilipendekeza Bunge dogo la Muungano lenye wabunge 75, ambamo kila mkoa wa Bara ungechagua wawili, mwanamke na mwanamume. Mtwara ingelingana na Dar es Salaam. Muundo huo wa serikali tatu uliachwa na Bunge Maalum la Katiba mwaka 2014, na kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 iliahirishwa.