Vipande vya Picha ya Ziwa Letu

Uko mchezo ambao picha moja hukatwa vipande vingi, kisha mtoto huvipanga mpaka picha irudi. John Spilsbury wa London aliuuza katika miaka ya 1760: alibandika ramani juu ya ubao, akaukata kufuata mipaka ya nchi. Siku hizi hukatwa hata michoro ya wapelelezi wa Kizungu, kama ule wa Stanley akimvulia kofia Livingstone pale Ujiji, mwaka 1871.

Sisi wa Musoma tunao mchezo wetu. Mwaka 1874 Stanley aliondoka Bagamoyo na mashua, Lady Alice, iliyoundwa vipande vipande ili ibebwe mabegani. Ikaungwa Kageyi, karibu na Mwanza. Tarehe 8 Machi 1875 ikatweka tanga, ikapita Majita, ikazunguka ziwa zima. Ulaya ilikuwa imekwisha kuambiwa kwamba ziwa limevumbuliwa. Wavuvi wetu walikuwa wakilivua tangu enzi za mababu!

Je, nani waliibeba mashua? Wapagazi. Nani waliiendesha? Safeni na wenzake kutoka Zanzibar. Nani waliouawa kwa risasi za Stanley pale Bumbire, Agosti 1875? Wenyeji wa kisiwa.

Mtoto akikosa kipande kimoja hasemi picha imekwisha. Hukitafuta hata chini ya mkeka. Nasi twende kwa wazee wa Majita na Ukerewe tukawaulize waliyosimuliwa, maana vipande vyetu wanavyo wao, na wazee hawangoji.