Kung'arisha meno kwa taa: inavyofanya kazi na meno yasiyofaa

Kung'arisha meno kwa taa ni huduma ya kubadili rangi ya meno kwa dawa inayopakwa juu ya jino na kumulikwa kwa mwanga wa buluu. Siku hizi dawa na taa ndogo za kujifanyia nyumbani zinatangazwa hata kwenye simu. Kabla hujalipa, jua kwamba kinachong'arisha ni dawa. Taa huongeza kidogo sana, au haiongezi kitu.

Inavyofanyika

Daktari wa meno huanza kwa kukagua kinywa, kutibu meno yaliyotoboka na kuondoa ugaga. Kisha hukukinga fizi na macho, na kupaka jeli yenye haidrojeni peroksaidi, mara nyingi ya asilimia 25 hadi 40. Dawa hii hupenya ndani ya jino na kuvunjavunja chembe zinazolitia rangi. Kazi nzima huchukua kama saa moja.

Ukitoka hapo meno huonekana meupe sana, kwa sehemu kwa sababu yamekauka. Yakipata mate tena, weupe hupungua kidogo. Meno yanaweza kupata ganzi kwa siku moja au mbili, hasa ukinywa kitu baridi. Weupe hufifia kadiri miezi inavyopita, na mapema zaidi kwa mvutaji wa sigara.

Rangi imetoka wapi?

Madoa ya chai, kahawa, sigara na ugoro hukaa juu ya jino. Mengi huondoka kwa kusafishwa tu hospitali.

Umanjano unaokuja na umri hukubali dawa vizuri.

Jino moja lililogeuka jeusi baada ya kugongwa huenda limekufa ndani. Linahitaji matibabu mengine.

Rangi ya kahawia ya tangu utotoni ni habari tofauti. Katavi wapo wengi waliohamia kutoka Shinyanga, na wengine walikulia Singida, Manyara au Arusha, ambako baadhi ya visima vina madini mengi ya floraidi. Mtoto akinywa maji hayo meno yake yakiwa bado yanajijenga, rangi huingia ndani ya jino lenyewe. Huo si uchafu, wala mwenye meno hayo si mvivu wa kupiga mswaki. Dawa inaweza kupunguza rangi hiyo ikiwa ni hafifu. Ikiwa nzito, daktari anaweza kusugua tabaka jembamba la juu au kulifunika jino.

Meno ya bandia na sehemu za jino zilizozibwa hazibadiliki rangi.

Tahadhari

Usisugue meno kwa ndimu, majivu, mkaa au mchanga. Ndimu huyeyusha tabaka gumu la juu na vingine hulikwangua, na tabaka hilo halioti tena. Wajawazito na watoto wasifanyiwe huduma hii.

Muulize anayekuhudumia kama amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Dawa kali ikigusa fizi huziunguza.

Kwa watoto wadogo, kinga ni maji. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha maji hakuiondoi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri huwa na floraidi kidogo sana.