Niklaus Wirth: Mwasisi wa lugha ya Pascal

WENGI waliojifunza kuandika programu za kompyuta vyuoni katika miaka ya 1980 walianza na lugha iitwayo Pascal. Mwasisi wake, Niklaus Wirth, alizaliwa Februari 15, 1934 mjini Winterthur, Uswisi, na kufariki dunia Januari 1, 2024.

Wirth alihitimu katika chuo cha ETH, Zürich, mwaka 1959, na kutunukiwa shahada ya uzamivu huko Berkeley, Marekani, mwaka 1963. Akiwa mwalimu Stanford, aliingia katika kamati ya kimataifa iliyokuwa ikitafuta mrithi wa lugha ya ALGOL 60. Yeye na Mwingereza Tony Hoare walipendekeza lugha ndogo na iliyo wazi. Kamati ikalikataa pendekezo hilo, ikachukua la Adriaan van Wijngaarden, lililokuwa pana na gumu zaidi, ambalo ndilo lililozaa ALGOL 68.

Pengine kushindwa huko ndiko kulikomnufaisha. Alirejea Uswisi mwaka 1967 na kuendelea na njia yake mwenyewe. Pascal, iliyopewa jina la mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, Blaise Pascal, ilianza kufanya kazi mwaka 1970. Kompaila yake, yaani programu inayogeuza maandishi ya lugha hiyo kuwa maagizo ya mashine, ilijaribiwa kwanza kuandikwa kwa Fortran, ikashindikana. Ikaandikwa upya kwa Pascal yenyewe, kisha ikafasiriwa kwa mkono ili mashine iweze kuipokea. Baadaye Zürich ilisambaza toleo lililoweza kuhamishiwa kwenye kompyuta za aina nyingine bila kazi kubwa, na vyuo vingi vikalichukua. ALGOL 68 haikupata kuenea kiasi hicho.

Mwaka 1984 Wirth alipewa Tuzo ya Turing, iliyo kubwa kuliko zote katika taaluma hiyo. Lugha za Modula-2 na Oberon nazo ni zake. Oberon aliiunda pamoja na mfumo endeshi mzima, akisaidiana na Jürg Gutknecht.

Mwaka 1995 aliandika makala akilalamika kwamba programu zinazidi kuwa nzito na za polepole kwa kasi inayopita ile ya mashine kuboreshwa. Kauli hiyo imeitwa Kanuni ya Wirth, ingawa mwenyewe alisema aliipata kwa Martin Reiser.

Alistaafu mwaka 1999. Mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 79, alitoa toleo jipya la mradi wa Oberon, safari hii likiendeshwa na prosesa aliyoibuni mwenyewe.