Kisa Kifupi, Fedha Kidogo: Asili ya Mikusanyiko ya Visa vya Mizuka katika Kanda za Video za Japani

Maandishi mengi yanayohusu filamu za kutisha za Japani huianza historia yake mwaka 1998, pale Ringu ya Nakata Hideo ilipoingia katika majumba ya sinema. Tarehe hiyo inakumbukika kwa urahisi, na filamu yenyewe inastahili sifa ilizopewa. Hata hivyo, makala haya yanapinga mwanzo huo. Yanashikilia kwamba namna ya kutisha ambayo ulimwengu uliifahamu kupitia Ringu ilikwishaundwa miaka saba kabla, katika kanda za video za bei nafuu zilizokusanya visa vifupi vya mizuka, na kwamba ufupi wa visa hivyo haukuletwa na uhaba wa fedha pekee. Ulirithiwa. Uhaba ulilikuta umbo la masimulizi ambalo kwa karne tatu lilikuwa limezoea kuishi kwa kidogo.

Kabla ya kuendelea, istilahi mbili zinahitaji kufafanuliwa. Neno la Kijapani yurei limefasiriwa hapa kuwa mzuka, si mzimu. Mzimu kwa Kiswahili una mahali pake, una ukoo wake na sadaka zake. Yurei ni mtu aliyekufa akiwa na jambo lisilokwisha, liwe kinyongo, mapenzi au maziko yasiyotimizwa, naye hutokea mahali na wakati asipotazamiwa. Kitenzi kuzuka kinaibeba maana hiyo vizuri zaidi. Kaidan, kwa upande wake, ni neno linaloandikwa kwa alama mbili, moja ya ajabu na nyingine ya kusimulia. Tendo la kusimulia limo ndani ya jina lenyewe, na jambo hilo lina uzito katika hoja inayofuata. Majina ya Wajapani yameandikwa kwa desturi ya kwao, jina la ukoo likitangulia.

Taa ya tambi mia moja

Katika kipindi cha Edo (1603-1868) palikuwa na mchezo wa usiku ulioitwa hyakumonogatari kaidankai, yaani baraza la visa mia moja. Asai Ryoi aliueleza mwishoni mwa kitabu chake Otogiboko cha mwaka 1666. Taa hufunikwa karatasi ya buluu na kuwashwa tambi mia moja. Kila msimulizi amalizapo kisa chake huzima utambi mmoja, na kwa hiyo chumba huendelea kuingia giza kadiri usiku unavyokwenda. Utambi wa mwisho ukizimwa, kitu cha kutisha hutazamiwa kutokea. Ilisemekana kuwa wachezaji wengi walikomea kisa cha tisini na tisa na kukaa wakingoja mapambazuko.

Mchezo huu unastahili kutazamwa kama kanuni ya utunzi. Msimulizi anayejua kwamba visa tisini vingine vinasubiri hawezi kutumia saa nzima kueleza nasaba ya marehemu. Anataja mahali, anamtaja aliyeona, anasema kilichoonekana, kisha ananyamaza. Hana wajibu wa kueleza kwa nini. Hofu nayo haikai ndani ya kisa kimoja; hulimbikizana kati ya visa, kila mwanga unapopungua, hata kisa dhaifu kikasaidia kazi ya kile kitakachofuata. Kinachomaliza mchezo ni tukio lililo nje ya masimulizi yote, na tukio hilo kwa kawaida liliepukwa. Tunaona basi kwamba mkusanyiko wa visa ulikuwa na muundo wake na hitimisho lake, ingawa hitimisho hilo liliachwa wazi kwa makusudi.

Vitabu viliufuata mchezo. Shokoku Hyakumonogatari ya mwaka 1677 ilitimiza visa mia kamili, ilhali vingine vingi vilivyobeba jina hilo havikuifikia idadi. Negishi Yasumori, aliyekuwa hakimu wa mji wa Edo, alitumia takriban miaka thelathini kuandika Mimibukuro, majuzuu kumi yenye visa elfu moja alivyovisikia kwa watu wa kila tabaka. Si kila kisa chake ni cha mizuka, lakini namna yake ya kuandika ni ileile: fulani aliniambia kwamba mahali fulani lilitokea hivi. Ikumbukwe pia kwamba asili ya visa hivi haikuwa ya Kijapani tupu. Visa vingi katika Otogiboko, kikiwemo kile mashuhuri cha mwanamke mfu ajaye usiku kwa mpenzi wake akimulikiwa na taa yenye umbo la ua, vilitoka katika kitabu cha Kichina cha Qu You cha karne ya 14. Anayetafuta chemchemi safi ya utamaduni wa taifa moja hataipata hapa.

Uhusiano wa mizuka na gharama ndogo nao ni wa zamani kuliko kamera. Katika kabuki, majira ya joto yalikuwa msimu mbaya: nyota wa jukwaa walipumzika, na majumba ya tamthilia yaliachiwa waigizaji wa ngazi ya chini kwa viingilio vya bei nafuu. Tsuruya Nanboku wa Nne alipata umaarufu katika msimu huo, mwaka 1804, kwa tamthilia iliyojaa maajabu na hila za jukwaani. Miaka ishirini na moja baadaye alitoa Yotsuya Kaidan, hadithi ya mke aliyetiliwa sumu na kumrudia mumewe akiwa na uso ulioharibika. Majira ya joto ndiyo pia majira ya Obon, wakati wafu wanapoaminiwa kurudi nyumbani. Imani na biashara zilikutana katika miezi ileile, na desturi hiyo ilidumu. Kampuni ya Shintoho, iliyotoa filamu ya Nakagawa Nobuo ya hadithi hiyo mwaka 1959, ilikuwa na mazoea ya kutoa filamu za mizuka kila majira ya joto. Kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 1961.

Filamu iliyogharimu mno

Mfano unaotajwa zaidi wa filamu yenye visa kadhaa vya mizuka ni Kwaidan ya Kobayashi Masaki, ya mwaka 1964. Ina visa vinne. Vyote vilitoka katika vitabu vya Lafcadio Hearn, mwandishi aliyezaliwa Ugiriki, akafika Japani mwaka 1890 na kufariki huko mwaka 1904. Hearn aliandika kwa Kiingereza, naye alivipata visa vyake vingi kwa mkewe, Koizumi Setsu, ambaye alitakiwa asivisome kitabuni bali avisimulie kwa maneno yake mwenyewe. Jina la Setsu halikuonekana juu ya majalada. Ni vyema kulikumbuka jambo hilo, kwa kuwa tutakutana tena na wanawake waliotoa visa bila kutajwa.

Kobayashi alijenga mandhari zake ndani ya banda kubwa la ndege, mbingu zikiwa zimechorwa kwa mkono, na filamu ilichukua takriban saa tatu. Ilipata tuzo maalumu ya majaji katika tamasha la Cannes mwaka 1965. Ninjin Kurabu, kampuni ndogo iliyoanzishwa na waigizaji watatu wa kike na kubeba mzigo wa utayarishaji, ilimezwa na madeni. Mtafiti anaona kwamba uzuri wa Kwaidan ulileta kitu tofauti na baraza la visa mia. Kila kisa kilipewa upana wa tamthilia, kila fremu ikawa mchoro wa kuning'inizwa ukutani. Ni kisa cha nne tu, cha mtu aonaye uso wa mgeni ndani ya kikombe chake cha chai, ndicho kinachorudia desturi ya zamani, kwa sababu chanzo chake ni kisa kilichokatika kabla ya mwisho. Hicho ndicho wahakiki wengi hukitaja haraka kuliko vyote.

Barua za wasomaji

Mwaka 1989 kampuni ya Toei ilianzisha filamu zilizotengenezwa kwa ajili ya maduka ya kukodisha kanda bila kupitia majumba ya sinema. Maduka hayo yalihitaji bidhaa mpya mfululizo, na kampuni nyingine zikaiga. Katika mazingira hayo ilitoka, mwaka 1991, kanda yenye jina linaloweza kufasiriwa Visa vya Kutisha Vilivyotokea Kweli (Honto ni atta kowai hanashi). Tsuruta Norio aliongoza na Konaka Chiaki akaandika miswada. Nyingine za mfululizo huo zilifuata.

Chanzo chake hakikuwa kitabu cha kale. Kilikuwa jarida la manga lililosomwa hasa na wanawake na wasichana, ambalo lilichora visa vilivyotumwa na wasomaji kwa barua: nilikuwa peke yangu nyumbani, nilikuwa shuleni baada ya masomo, nikaona. Kwa umbo, barua hizo ni Mimibukuro mpya. Zina shahidi, zina mahali, hazina maelezo. Tsuruta na Konaka waliuheshimu upungufu huo. Katika kanda zao mzuka haurukii mtu wala haumwagi damu. Husimama mbali nyuma ya mhusika, uso usionekane sawasawa, na mara nyingi mtazamaji huuona kabla ya mhusika. Kisha kisa kinakwisha. Aliyeona anabaki hai, hajui alichokiona, na kisa kingine kinaanza.

Hapa msomaji anaweza kudai kuwa utulivu huo ulikuwa utulivu wa maskini tu, kwamba asiye na fedha za vipodozi huuficha mzuka wake mbali. Dai hili lina sehemu ya ukweli, lakini halitoshelezi. Mfululizo wa video ulioitwa Guinea Pig, ulioanza mwaka 1985, nao ulikuwa wa bajeti ndogo, na ulijaa damu na viungo vilivyokatwa. Umaskini uleule ulizaa kanda za aina mbili zinazopingana. Kwa hiyo bajeti haiwezi kueleza uteuzi alioufanya Tsuruta. Kilichomwongoza ni namna visa vyenyewe vilivyosimuliwa. Tunapaswa kuongeza kwamba desturi hiyo haikumfikia kwa njia moja iliyonyooka kutoka Edo. Waongozaji na waandishi wa kizazi chake, akiwemo Takahashi Hiroshi aliyeandika mswada wa Ringu, waliijua na kuisifu filamu ya Uingereza The Innocents ya mwaka 1961, ambamo mwanamke mwenye mavazi meusi anaonekana kwa mbali ng'ambo ya ziwa. Baraza la kale, barua za wasichana na filamu ya kigeni vilikutana katika kanda moja.

Kanda za Tsuruta zilitazamwa na Kurosawa Kiyoshi na Takahashi, ambao hawakuficha deni lao. Ringu ilichukua kutoka humo mzuka usiosema na usioelezeka kikamilifu, ikauweka ndani ya hadithi moja ndefu yenye upelelezi na mwisho. Hiyo ilikuwa kazi kubwa. Ila kuiita mwanzo ni kuwafuta waliotangulia kwa sababu tu kazi zao zilikaa kwenye rafu za kukodisha, na pamoja nao kuwafuta wasomaji wasiojulikana waliotia visa vyao katika bahasha.

Dakika tatu za Shimizu

Mwaka uleule wa 1998 runinga ya Kansai ilirusha mkusanyiko wa visa vya shuleni uitwao Gakko no Kaidan G. Visa vya shule vilikuwa na soko kwa wakati huo: mwanafolklora Tsunemitsu Toru, ambaye alikuwa pia mwalimu, alikuwa amechapisha mwaka 1990 kitabu cha simulizi za aina hiyo, na Toho ikatoa filamu mwaka 1995. Ndani ya mkusanyiko huo Shimizu Takashi alipewa visa viwili vya takriban dakika tatu kila kimoja. Katika kimoja, wasichana wanaotunza sungura wa shule wanafikiwa na mwanamke anayetambaa. Katika kingine, mvulana anaokota simu inayolia, namba kwenye kioo chake zikiwa nne tupu mara kumi; nne kwa Kijapani hutamkwa sawa na kifo. Kando yake anatokea mtoto mweupe anayelia kama paka.

Kutoka dakika hizo sita ilizaliwa Ju-on, iliyotolewa na Toei kwa video mwaka 2000. Umbo la mkusanyiko halikuachwa. Filamu imegawanywa katika sehemu zinazobeba majina ya watu, mpangilio wa wakati umevurugwa, na kinachoziunganisha ni nyumba moja ya kawaida ya mtaani. Kanda ya pili ya mwaka huohuo ilirudia sehemu kubwa ya picha za ile ya kwanza, jambo ambalo mpangaji wa bajeti alilifurahia bila shaka kuliko mkodishaji. Mwaka 2004 Shimizu mwenyewe aliiongoza The Grudge kwa fedha za Marekani, ikapigwa picha Japani na kuingiza zaidi ya dola milioni 100 nchini Marekani peke yake. Vipande vyake bado vilikuwa vimetawanyika kama visa vya wasimulizi mbalimbali waliokaa chumba kimoja.

Wakati fedha hizo zikihesabiwa, desturi ya gharama ndogo iliendelea kivyake. Kihara Hirokatsu na Nakayama Ichiro walikuwa wamekusanya visa vya watu wa siku zao katika vitabu walivyoviita Shin Mimibukuro, yaani Mimibukuro Mpya, wakimkumbuka hakimu Negishi. Kila juzuu lilikuwa na visa tisini na tisa. Kuanzia mwaka 2003 visa hivyo viligeuzwa kuwa vipindi vya runinga vya takriban dakika tano, waongozaji wengi wakipokezana. Mwaka 2013 ilianza Yamishibai, inayoiga kamishibai, mchezo wa picha za karatasi ulioonyeshwa barabarani na wachuuzi wa peremende. Mtu mwenye kinyago cha njano anawaita watoto. Picha zinasogea kidogo tu, kisa kinaanza, na baada ya dakika chache kinakatika pasipo mtu kueleza kilichokuwa nyuma ya mlango.