Ahadi mbili za tarehe 30 Juni



Kila mwaka tunakumbuka tarehe 30 Juni 1960, siku nchi yetu ilipopata uhuru kule Léopoldville, leo Kinshasa. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alihutubu, Rais Kasa-Vubu akamfuata, kisha Waziri Mkuu Patrice Lumumba akasimama. Wengi wetu tunashika maneno yake makali juu ya mateso ya ukoloni. Lakini katika hotuba ile mlikuwa pia na ahadi mbili juu ya uchumi: kwamba ardhi ya nchi itawafaidia kweli watoto wake, na kwamba kila mtu atapata malipo ya haki kwa kazi yake. Tunapenda kuzitafakari pamoja, kwa sababu historia yetu ilizitenganisha.

Ahadi ya kwanza ilifuatwa kwa bidii. Wakati wa uhuru, shaba ya Katanga ilichimbwa na Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906. Tarehe 7 Juni 1966, sheria iliyoitwa Bakajika, kwa jina la mbunge aliyeipendekeza, ilirudisha ardhi na yaliyomo chini yake mikononi mwa Serikali. Mwanzoni mwa mwaka 1967, mali ya Union Minière nchini ilichukuliwa na shirika la Serikali ambalo baadaye liliitwa Gécamines. Na tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba, maduka na biashara nyingi za wageni zitapewa wananchi.

Basi mali ikapata mwenyewe mpya. Je, haki ilipatikana? Maduka na mashamba yale yaligawiwa hasa wakubwa na jamaa zao. Wengi waliuza bidhaa walizozikuta, wasinunue nyingine. Rafu zikabaki tupu, bei zikapanda, wafanyakazi wakapoteza kazi. Kufika mwaka 1976, Serikali ilikuwa inawaita tena wenye mali wa zamani.

Kuhusu Gécamines, tuseme kwa haki: ililisha familia nyingi, ikajenga shule na hospitali. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Lakini wenye madaraka walichota fedha zake, na mitambo ikachakaa. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, na baada ya miaka michache shaba ilishuka chini ya tani 50,000 kwa mwaka. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa malipo ya kuondoka, wengi wakiwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Watoto wao ni wazazi wenu.

Hapa ndipo tunapojifunza. Ubaya wa uchumi wa kikoloni haukuwa tu kwamba mwenye mgodi alikuwa Mbelgiji. Ubaya wake ulikuwa kwamba aliyechimba hakula jasho lake, wala hakuwa na ruhusa ya kuuliza. Ukimbadilisha mwenye mali bila kugusa jambo hilo, umebadilisha jina mlangoni tu. Kwa hiyo ahadi ya pili ndiyo mizani ya kuipimia ile ya kwanza.

Mizani hiyo haijavunjika. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inatupa wito wa Haki, Amani, Kazi, na kifungu chake cha 58 kinasema kwamba Wakongomani wote wana haki ya kufaidi utajiri wa taifa, na kwamba Serikali ina wajibu wa kuugawa kwa usawa. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa malipo ambayo makampuni hutoa juu ya madini wanayouza: 50% kwa Serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa miji, komine, sekta na shefferi ambamo madini yanachimbwa, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Vizazi hivyo, vijana, ni ninyi na watoto wenu.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kufufua ahadi ya 1960 kunaanzia katika daftari. Sekta yetu ilipokea kiasi gani mwaka huu? Kilijenga nini? Nani alilipwa kwa kazi ile? Maswali hayo si uasi, ni uraia. Lakini atakayeyauliza awe pia amemlipa kwa wakati mbeba mizigo wa sokoni na msichana anayemsaidia nyumbani. Vinginevyo, siku atakapopewa mali ya wote, atafanya kama wale wa 1973.

Ya kujadili katika kikundi:
1. Katika mtaa wetu, ni kazi gani inayofanywa bila malipo ya haki?
2. Tumwendee nani, na kwa swali gani, ili tujue hesabu ya fedha za wote?