Mbili jumlisha mbili, Albuquerque 1975

Leo ukitaka kujifunza lugha ya programu unaipakua, unabonyeza mara mbili tatu, unaandika mstari mmoja, kompyuta inakujibu. Isipojibu, unaanza upya. Machi 1975 Paul Allen hakuwa na uhakika wa kupata nafasi ya pili.

Jarida la Popular Electronics la Januari mwaka huo lilikuwa limeitangaza Altair 8800, kompyuta ndogo ya kampuni ya MITS ya Albuquerque, Marekani. Haikuwa na kibodi wala skrini, ila swichi na taa ndogondogo tu. Allen na Bill Gates wakamwambia mwenye kampuni, Ed Roberts, kwamba wanayo BASIC ya mashine hiyo. Walikuwa hawajaiandika! Wakaiandika kwa wiki kama nane kwenye kompyuta kubwa ya Chuo Kikuu cha Harvard, ambayo Allen aliifanya iigize Altair. Altair yenyewe hawakuwa nayo.

Sisi waandishi tunaipenda mno ile hadithi ya vijana wawili. Walikuwa watatu jamani. Sehemu ya hesabu za desimali aliiandika mwanafunzi mwingine, Monte Davidoff.

Allen akapanda ndege na utepe wa karatasi wenye matundu. Angani akakumbuka kwamba hakuna programu ya kuiwezesha Altair kuusoma utepe huo. Akaiandika humohumo. Alipofika akaiingiza kwa swichi, kisha utepe ukaanza kusomwa. Mashine ya kuchapa ikauliza ukubwa wa kumbukumbu. Akajibu. Akaandika PRINT 2+2, nayo ikachapa 4.

BASIC hiyo ikaanza kuuzwa, na haikuchukua muda wapenzi wa kompyuta wa California wakawa wanagawiana nakala za utepe bila malipo. Februari 1976 Gates akawaandikia barua ya wazi, akisema wengi wao ni wezi, na kwamba chini ya asilimia 10 ya wenye Altair ndio walioilipia. Simlaumu kwa kudai jasho lake. Hata makala zangu hunakiliwa bila jina langu. Ila BASIC ilibuniwa mwaka 1964 na walimu wawili wa Dartmouth College, John Kemeny na Thomas Kurtz, ili hata mwanafunzi asiyesoma sayansi aweze kutumia kompyuta, nao wakaiacha itumike bure. Katika barua ile hawatajwi.