Bima ya gari kwa kijana: uliza ekses kabla ya bei

Ndugu zangu wazazi wa Kilifi wenye vijana pale Chuo Kikuu cha Pwani huniuliza: mbona kijana akatiwe bima ghali kuliko babake, na gari ni lile lile? Jawabu langu ni kuwa hapa kwetu Kenya ujana mara nyingi hauonekani kwenye bei anayokutajia wakala. Umo ndani ya karatasi, na hujitokeza siku ya ajali.

Kwanza sheria. Sura ya 405 ya sheria za Kenya yamlazimu kila anayetia gari barabarani awe na bima ya mtu wa tatu, ile vijana waiitayo "thad pati". Hiyo ni ya yule mwengine uliyemuumiza au aliyefariki, na kiwango ambacho sheria yalazimisha hakizidi shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Gari lako mwenyewe likibondeka pale barabara ya Mombasa-Malindi, utajitengenezea.

Bima kubwa ndiyo inayotengeneza gari lako, nayo hutozwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Tuseme gari ni la shilingi 800,000 na kampuni yatoza asilimia 5. Hiyo ni 40,000. Ongeza asilimia 0.2 ya mafunzo, asilimia 0.25 ya mfuko wa fidia wa wenye bima, na ushuru wa stempu shilingi 40. Jumla 40,220.

Kwa hivyo kinachopandisha bei kwanza ni gari lenyewe. Vitz ya injini ndogo haikatiwi sawa na Subaru ya turbo. Gari kuukuu nalo lina shida yake, kwani lililopita miaka 15 makampuni mengi hayalipi bima kubwa.

Sasa ekses, yaani sehemu ya hasara unayobeba wewe kabla kampuni haijatoa chake. Kila mwenye bima anayo. Lakini dereva aliye chini ya miaka 21 au 25, ama mwenye leseni changa ya mwaka mmoja au miwili, huongezewa nyengine juu yake, kutegemea kampuni. Bima ya bei rahisi yaweza kuwa na ekses kubwa ambayo mwanafunzi hana pa kuitoa. Wazee walisema rahisi yavunja upishi.

Kuna jambo jengine laniuma zaidi. Baba akata bima kwa jina lake, aandika kuwa ndiye dereva, kisha gari lashinda chuoni na mwanawe. Au kijana atumia gari la nyumbani kubeba wenzake kwa nauli hadi Mtwapa siku za Ijumaa. Bima ya gari la nyumbani haihusu biashara ya abiria. Kampuni ikigundua yaweza kukataa dai, na familia ikabaki na deni la gari na la hospitali.

Mukienda kwa wakala, msianze na bei. Mwambieni ukweli ni nani ataendesha, ana umri gani, leseni ina muda gani, na gari litalala wapi. Kisha mumuulize: huyu kijana akigonga kesho, sisi tutatoa shilingi ngapi mfukoni? Aiandike hiyo jumla kwenye karatasi, nanyi muilinganishe na ya makampuni mengine mawili kabla ya kulipa.